Kubadili namba kamili za desimali kuwa binari yenye alama: kwa nini tunageuza biti na kuongeza 1?

MwanagenziBiti aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Ninajisomea muundo wa kompyuta, na nimefika kwenye sura ya namba zenye alama, yaani namba zinazoweza kuwa chanya au hasi. Zoezi langu linataka 37, -37, -128 na 200 ziandikwe kwa biti 8, yaani tarakimu nane ambazo kila moja ni 0 au 1, katika mfumo wa kijalizo cha mbili, ule ambao wengine huuita komplimenti ya mbili. Kanuni niliyopewa ni fupi: andika namba kwa binari, geuza kila biti (0 iwe 1, na 1 iwe 0), kisha ongeza 1. Nimeifuata, na sehemu moja imekubali, lakini nyingine zimenishinda, na zaidi ya hapo sielewi kwa nini kanuni yenyewe inafanya kazi.

Kwa -37 nilianza na 37, ambayo ni 32 + 4 + 1, nikapata 00100101. Nilipogeuza biti nikapata 11011010, na nilipoongeza 1 nikapata 11011011, jambo linalolingana na jibu la kitabu. Kwa kuwa zoezi linasema namba zote ziandikwe katika mfumo wa kijalizo, niliifanyia 37 chanya hatua zilezile, na kitabu kinasema nimekosea. Jibu lake ni 00100101 bila kubadilisha chochote. Swali linalofuata likataka -37 kwa biti 16. Niliongeza sifuri nane upande wa kushoto, nikapata 0000000011011011, lakini nilipoisoma tena ikanipa 219.

Lililonichanganya kuliko yote ni -128. Namba 128 kwa binari ni 10000000. Nikiigeuza ninapata 01111111, na nikiongeza 1 ninarudi kwenye 10000000 ileile. Yaani namba na kinyume chake vinaandikwa sawasawa, na sioni kompyuta inavyoweza kuvitofautisha. Kisha kuna 200, ambayo ni 11001000: inaanza na 1, nami nimeambiwa kwamba kila inayoanza na 1 ni hasi. Ninaomba kuelezwa sababu. Sihitaji kanuni nyingine ya kukariri, kwani hii niliyo nayo nimeshaikariri na bado ninakosea.

Mkokotozi alijibu:

Ndugu MwanagenziBiti, umeuliza vizuri, kwa sababu umeonyesha hatua zako, na makosa yako yote yana mzizi mmoja. Kanuni ya kugeuza na kuongeza 1 imekufikia bila kuambiwa kwamba haina maana yoyote mpaka kwanza uamue namba itakaa kwenye nafasi ngapi.

Tuiache binari kwa muda, turudi kwenye tarakimu tulizozizoea. Fikiria kihesabio chenye magurudumu matatu ya tarakimu, kama vile vya zamani vya kuhesabia kilomita kwenye gari. Kinaweza kuonyesha kuanzia 000 hadi 999, na kikivuka 999 kinarudi 000, kwa kuwa hakina gurudumu la nne la kupokea ile 1 inayobebwa. Sasa kiweke kwenye 000 kisha ukirudishe nyuma hatua moja. Kitaonyesha 999. Kirudishe hatua 37 kutoka 000, nacho kitaonyesha 963. Kwa hiyo ndani ya kihesabio hiki 963 inaweza kusimama badala ya -37, na si kwa mapatano matupu, kwani hesabu zinakubali. Chukua 500 uijumlishe na 963: unapata 1463, gurudumu la nne halipo, inabaki 463, ambayo ndiyo 500 - 37. Tumetoa kwa kujumlisha.

Hiyo 963 tumeipataje? Ni 1000 - 37. Kutoa namba kutoka 1000 kunasumbua, kwa sababu unalazimika kukopa kutoka nafasi hadi nafasi. Kutoa kutoka 999 hakuna kukopa hata kidogo, kwani hakuna tarakimu inayoizidi 9: 9 toa 0 ni 9, 9 toa 3 ni 6, 9 toa 7 ni 2, tunapata 962. Lakini tulitaka kutoa kutoka 1000, si kutoka 999, na tofauti ya hizo mbili ni 1. Ndiyo maana tunairudisha: 962 + 1 = 963. Hapo ndipo ilipo ile 1 iliyokuwa ikikusumbua.

Rudi sasa kwenye biti 8. Kihesabio chetu kina hali 256, kutoka 0 hadi 255, na -37 inasimamiwa na 256 - 37, yaani 219. Badala ya kutoa kutoka 256, ambayo kwa binari ni 1 ikifuatiwa na sifuri nane, tunatoa kutoka 255, ambayo ni 11111111. Kutoa biti kutoka 1 ni kuigeuza tu: 1 toa 0 ni 1, na 1 toa 1 ni 0. Kwa hiyo kugeuza biti zote ni kutoa kutoka 255, na kuongeza 1 ni kufidia kwamba tulipaswa kutoa kutoka 256. Ile 219 uliyoiona na kuishangaa ulipoisoma upya ndiyo hii hii.

Kuhusu 37 chanya, neno "mfumo" ndilo lililokupoteza. Mfumo wa kijalizo cha mbili ni jina la utaratibu mzima wa kuandika namba chanya na hasi kwa pamoja, wala si amri ya kuigeuza kila namba inayopita mbele yako. Katika utaratibu huo chanya huandikwa kwa binari ya kawaida, na sifuri za kushoto hujaza nafasi zilizobaki. Kugeuza na kuongeza 1 ni kitendo cha kutafuta kinyume cha namba, na ulipokifanya juu ya 37 ulipata kinyume chake, yaani -37.

Kwa -128 na 200, kumbuka kwamba hali 256 zimegawanywa: zinazoanza na 0 ni sifuri na chanya, kutoka 0 hadi 127, zinazoanza na 1 ni hasi, kutoka -128 hadi -1. Biti ya kushoto kabisa ndiyo alama. Namba 200 haimo katika mgawanyo huo, kwa hiyo swali la kuiandika kwa biti 8 zenye alama halina jibu, na nadhani zoezi lilikusudia ulitambue hilo.

ThamaniYaNafasi alijibu:

Maelezo ya Mkokotozi ni sahihi, na mfano wa kihesabio ndio ninaoupenda kuliko mingine. Naomba tu nirekebishe sentensi moja, kwa sababu imewasumbua wanafunzi wengi. Kusema kwamba biti ya kushoto ndiyo alama ni kusema nusu ya ukweli. Biti hiyo inaonyesha alama, lakini pia ina thamani ya nafasi kama biti nyingine zote, isipokuwa thamani yake ni hasi.

Katika biti 8 zisizo na alama, thamani za nafasi ni 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2 na 1. Katika kijalizo cha mbili ni zilezile, ila ya kwanza inakuwa -128. Hakuna kingine kinachobadilika. Soma 11011011 kwa namna hiyo: -128 + 64 + 16 + 8 + 2 + 1. Zile chanya zinafika 91, na -128 + 91 ni -37. Huhitaji kugeuza kitu ili kusoma namba hasi, na kwa kweli huhitaji kugeuza hata unapoiandika. Ukitaka -37, jiulize uongeze ngapi kwenye -128 ili ufike -37. Jibu ni 91. Andika 91 kwa biti 7, nayo ni 1011011, kisha tanguliza 1. Umemaliza.

Sasa itazame -128 kwa jicho hilo. Ni -128 na kisha hakuna cha kuongeza, kwa hiyo ni 10000000. Jibu la zoezi lako ni hilo, na halina utata wowote. Utata uliingia pale ulipopita njia ya 128 chanya, namba ambayo haimo katika biti 8 zenye alama. Ukijumlisha thamani zote chanya zilizopo, 64 + 32 + 16 + 8 + 4 + 2 + 1, unafika 127 na unakwama. Kompyuta haina haja ya kutofautisha 128 na -128, kwani 128 haiwezi kuwamo humo. Upande wa hasi una mmoja zaidi kwa sababu sifuri imekaa upande wa zile zinazoanza na 0 na kuchukua nafasi moja ya huko.

Kosa lako la biti 16 nalo linaelezeka hapo hapo. Ulipoongeza sifuri nane kushoto, ile biti iliyokuwa na thamani -128 iliacha kuwa ya kushoto kabisa, ikawa biti ya ndani yenye thamani +128. Namba ikapanda kwa 256, kutoka -37 hadi 219. Ili thamani isibadilike, fikiria unaongeza nafasi moja tu. Biti mpya ya kushoto ina thamani -256, na ile ya zamani sasa ni +128. Ukiweka 1 kwenye zote mbili unapata -256 + 128, ambayo ni -128 ileile uliyoanza nayo. Ongeza nafasi nyingine, na hesabu inajirudia: -512 + 256 + 128 bado ni -128. Kwa hiyo namba hasi hurefushwa kwa moja, na namba chanya hurefushwa kwa sifuri, au kwa maneno mengine biti ya kushoto hunakiliwa kila mara. Kwa biti 16, -37 ni 1111111111011011.

MwanagenziBiti alijibu:

Mkokotozi na ThamaniYaNafasi, nawashukuru sana. Nimeandika -90 kwa njia zote mbili nikapata 10100110 kila mara, na nimeelewa sababu, jambo ambalo sikulipata katika kurasa kadhaa za kitabu.

Nimeendelea kidogo na nimekutana na jambo jingine. Nilijumlisha -37 na 50, yaani 11011011 na 00110010. Nilipata 100001101, biti tisa, nikaiacha ile ya tisa kama kwenye kihesabio, ikabaki 00001101, ambayo ni 13. Sahihi. Kisha nikajumlisha 100 na 50, yaani 01100100 na 00110010, nikapata 10010110. Safari hii hakuna kilichomwagika nje ya biti 8, lakini nikiisoma kwa thamani za nafasi ni -106. Inakuwaje ile iliyotoa biti ya ziada ikawa sahihi, na ile isiyotoa chochote ikawa na kosa? Nilitarajia kinyume chake.

Mkokotozi alijibu:

Matarajio yako yanatoka kwenye namba zisizo na alama, ambako biti inayomwagika kushoto ndiyo ishara pekee kwamba jibu halikuenea. Katika namba zenye alama, biti inayotoka nje na kufurika kwa jibu ni mambo mawili yasiyo na budi kutenganishwa, na prosesa nyingi zina viashiria viwili tofauti kwa sababu hiyo hiyo.

Kufurika kunatokea pale jibu la kweli linapokuwa nje ya -128 hadi 127. Ukijumlisha namba chanya na namba hasi, jibu haliwezi kuwa nje, kwa sababu liko kati ya hizo mbili ulizoanza nazo; -37 na 50 hazina namna ya kufurika, hata biti ya tisa ikitokea. Hatari iko pale namba zote mbili zinapokuwa na alama moja. 100 na 50 ni chanya zote, jibu la kweli ni 150, na hakuna mahali pa kuliweka. Thamani +128 iliyohitajika ilibebwa mpaka kwenye nafasi ambayo thamani yake ni -128, na ndiyo maana ulipata namba iliyo chini ya jibu la kweli kwa 256 kamili: 150 - 256 = -106.

Unapofanya kwa mkono, tazama alama. Chanya mbili zikizaa hasi, au hasi mbili zikizaa chanya, jibu limefurika. Vinginevyo ni salama. Sakiti huangalia jambo lilelile kwa njia nyingine: hulinganisha ile 1 inayoingia kwenye nafasi ya kushoto kabisa na ile inayotoka humo. Zikiwa sawa, jibu ni sahihi, zikitofautiana, limefurika. Kwenye mfano wako wa pili iliingia 1 na haikutoka kitu. Kwenye ule wa kwanza iliingia 1 na ikatoka 1.

GawanyaKwaMbili alijibu:

Naomba niongeze njia ya tatu, kwa sababu haihitaji kugeuza biti, haihitaji kujua -128, na inaonyesha waziwazi zile moja za kushoto zinatoka wapi.

Wote tunajua kubadili namba chanya kwa kuigawanya kwa 2 mara kwa mara na kuandika baki kuanzia kulia. Wengi hufundishwa kwamba njia hiyo haifai kwa namba hasi. Inafaa kabisa, mradi ukubali sharti moja: baki lazima liwe 0 au 1, kamwe lisiwe -1. Kwa hiyo namba ikiwa witiri, hisa, yaani jibu la kugawanya, inashuka kuelekea upande wa hasi zaidi. Tuanze na -37. Ni 2 mara -19, baki 1. Kisha -19 ni 2 mara -10, baki 1. Kisha -10 ni 2 mara -5, baki 0. Kisha -5 ni 2 mara -3, baki 1. Kisha -3 ni 2 mara -2, baki 1. Kisha -2 ni 2 mara -1, baki 0. Kisha -1 ni 2 mara -1, baki 1, na hapo tumekwama mahali pazuri, kwa sababu -1 inazaa -1 tena na baki 1, bila kikomo. Andika baki hizo kutoka kulia kwenda kushoto: 1, 1, 0, 1, 1, 0, 1, kisha moja zisizokwisha. Unapata 11011011, na ukitaka biti 16 au 64 unaendelea tu kuandika moja. Namba chanya nayo hukwama, ila inakwama kwenye 0 na kuzaa sifuri zisizokwisha. Kwangu mimi hii ndiyo picha ya kweli kabisa ya mfumo huu: kila namba kamili ina mkia usiokwisha upande wa kushoto, na upana tunaouchagua ni mahali pa kuukata tu.

Anayetaka kuandika programu ya jambo hili awe mwangalifu. Katika lugha za C na Java kugawanya namba kamili hukata kuelekea sifuri, kwa hiyo -37 ikigawanywa kwa 2 inatoa -18 na baki -1, na njia niliyoeleza inaharibika. Katika Python hisa hushuka, inatoa -19 na baki 1, nayo inakwenda sawa. Lakini Python ina mtego wake: ukiandika bin(-37) itakupa -0b100101, yaani alama ya kutoa mbele ya binari ya 37, kwa kuwa namba zake kamili hazina upana maalumu na mkia usiokwisha hauwezi kuchapishwa. Inabidi wewe uutaje upana. Andika -37 & 0xFF, ambapo 0xFF ni 255, yaani moja nane, nayo itakupa 219, kisha ibadili hiyo kuwa binari.

Kwa kazi ya mkono iko pia njia ya mkato ambayo haina hatua ya kuongeza. Anzia kulia, nakili sifuri zote mpaka uikute 1 ya kwanza, inakili na hiyo, kisha geuza zote zilizobaki kushoto. 40 ni 00101000, kwa hiyo -40 ni 11011000. Inafanya kazi kwa sababu ile 1 unayoongeza baada ya kugeuza husafiri kushoto ikizizima moja zilizotokana na sifuri za mwisho, na inatulia pale inapokutana na sifuri ya kwanza.

RejistaYaKale alijibu:

Nimesoma yote kwa furaha. Mwuliza swali atakutana pia na kijalizo cha moja na mfumo wa alama na ukubwa katika kitabu chake, na huenda akadhani ni mapambo ya sura tu. Sivyo. Mashine halisi zilitumia kila mmoja wao.

Fikra ya kutoa kwa kujumlisha ni kongwe kuliko kompyuta za umeme. Mashine ya kukokotoa ya Blaise Pascal, aliyoianza mwaka 1642, ilikuwa na magurudumu yanayozunguka upande mmoja tu, kwa hiyo kutoa kulifanyika kwa kijalizo cha tisa, ile 962 aliyoionyesha Mkokotozi kabla ya kuongeza 1. John von Neumann, katika rasimu yake ya mwaka 1945 kuhusu kompyuta ya EDVAC, alipendekeza kijalizo cha mbili kwa namba hasi, na kompyuta ya EDSAC ya Cambridge, iliyoanza kufanya kazi mwaka 1949, ikakitumia. Hata hivyo kompyuta ya IBM 7090 iliandika namba kamili kwa alama na ukubwa, yaani biti moja ya alama na zilizobaki ni ukubwa wa namba, na ile ya CDC 6600 ilitumia kijalizo cha moja, ambamo kinyume cha namba ni kugeuza biti tu.

Mifumo hiyo miwili ina kasoro inayofanana: sifuri mbili. Katika kijalizo cha moja 00000000 ni sifuri na 11111111 ni sifuri hasi, na kila ulinganishaji wa namba unapaswa kulikumbuka hilo. Tena, ukijumlisha -37 na 50 kwa kijalizo cha moja, ile biti inayomwagika haitupwi. Inarudishwa na kujumlishwa upande wa kulia, la sivyo jibu linapungua kwa 1. Kijumlishi cha kijalizo cha mbili hakihitaji kujua kama namba zina alama au hazina, na uchumi huo ndio uliokifanya kishinde. IBM System/360, iliyotangazwa mwaka 1964, ilikichagua kwa namba zake kamili za binari. Ilichukua muda mrefu zaidi kwa sheria za lugha kukubali: lugha ya C++ ilikilazimisha katika toleo la 2020, na C katika toleo linaloitwa C23. Kijalizo cha moja nacho hakijafa, kwani hesabu ya uhakiki katika pakiti za intaneti za IP, TCP na UDP bado hufanywa kwa kujumlisha kwa namna hiyo, pamoja na ile biti inayorudishwa kulia.

Kuhusu ukubwa wa namba na mipaka yake, naomba usilione kama suala la mazoezi tu. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliharibika sekunde chache zisizofika dakika moja baada ya kuruka, kwa sababu programu ilibadili namba ya biti 64 yenye sehemu ya desimali kuwa namba kamili yenye alama ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32767, na thamani haikuenea. Na mifumo inayohesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa namba yenye alama ya biti 32 itafika 2147483647 tarehe 19 Januari 2038, saa 03:14:07 kwa saa za UTC. Sekunde inayofuata, mifumo ambayo haitakuwa imebadilishwa itasoma -2147483648, ambayo ni tarehe 13 Desemba 1901. Ni 127 na -128 zako, ila kwa upana wa biti 32.

Iko namna nyingine ya kukutana na -128 ambayo ni vigumu zaidi kuigundua. Katika Java, ukiomba ukubwa wa namba ndogo kuliko zote za biti 32 bila alama yake ya kutoa, yaani Math.abs(-2147483648), utarudishiwa -2147483648 ileile, bado hasi. Mwandishi wa programu anayeamini kwamba jibu la abs haliwezi kuwa hasi ataitumia kama nafasi kwenye orodha, na programu itaanguka siku ambayo namba hiyo moja itatokea.

MwanagenziBiti alijibu:

Nimerudia zoezi lote. 37 ni 00100101, -37 ni 11011011, -128 ni 10000000, na 200 haienei kwenye biti 8. Ikiandikwa 11001000 itasomwa kuwa -56. Nikiongeza nafasi moja inakuwa 011001000, nayo ni 200 kweli. Nimejaribu pia -200 kwa biti 9: kutoka -256 hadi -200 ni 56, kwa hiyo 100111000.

Zoezi la mwisho linauliza idadi ndogo kabisa ya biti zinazotosha kwa -1000 na kwa -256. Nimejibu kwamba 1000 inahitaji biti 10, ninaongeza moja ya alama, zinakuwa 11, na -1000 ni 10000011000. Kwa -256, namba 256 inahitaji biti 9, ninaongeza moja, zinakuwa 10. Je, ni sahihi?

ThamaniYaNafasi alijibu:

La -1000 ni sahihi: -1024 + 16 + 8. La -256 limezidi kwa biti moja. Umepita tena njia ya namba chanya, kama ulivyofanya kwa -128. Kwa biti 9 nafasi ya kushoto ina thamani -256, kwa hiyo 100000000 inatosha. Ni 256 chanya inayohitaji biti 10. Hesabu ya kuongeza biti moja ya alama juu ya biti za ukubwa inakubali kwa kila namba hasi isipokuwa zile ambazo ukubwa wake ni kipeo cha mbili, kama -1, -2, -4, -8 na kuendelea. Hizo hupungua kwa moja. Ukitaka kujihakiki, punguza ukubwa wa namba hasi kwa 1 kwanza, hesabu biti za hiyo uliyoipata, kisha ongeza moja ya alama: kwa -256 utahesabu biti za 255, ambazo ni 8, na jumla itakuwa 9.